Salamu za Kamusi

Sahara alinipigia simu nikiwa jikoni nakaanga vitunguu, na kama ilivyo kawaida ya watu wa Garissa, hakuanza na habari yenyewe. Aliniuliza hali, akauliza watoto, akauliza mvua ya Mwingi, akauliza mpaka mbuzi ambao sina. Kila nilipojibu alisema nabad, nabad, yaani amani, amani. Mimi nilikaa na watu hao nikawajua: amani zikizidi namna hiyo, kuna kitu kimesimama nyuma ya mlango. Nikazima jiko. "Sahara," nikamwambia, "sema tu." Akashusha sauti. "Qosol, Eedo Dahabo ametangulia. Tumemzika jana kabla ya magharibi." Qosol ni mimi. Maana yake ni kicheko. Hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayeniita hivyo isipokuwa Sahara muuza maziwa, na nilipolisikia jina hilo kwenye simu, vitunguu vikiwa vinanukia bado, nikasikia pia kitu kingine ambacho sijawahi kukimaliza kukisikia: sauti ya mwanamume inasema Assalaamu alaikum, wasikilizaji, na mlio wa feni mbovu nyuma yake.

Mwaka nilipoijua sauti hiyo nilikuwa sijafika hata miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza fomu foo na gredi ambayo nilikuwa naitaja harakaharaka ili mtu asiishike, lakini ndoto zangu hazikuwa zimeiona hiyo gredi. Nilitaka kuwa mtangazaji. Nilikuwa natangazia kuku. Kwa hiyo niliposikia kuna redio ndogo Garissa inatafuta msichana wa kupika chai na kufagia, nilipanda basi kama mtu anayeenda kuapishwa. Redio yenyewe ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la mabati. Ukipanda ngazi unakutana kwanza na ofisi ya meneja, Bwana Kirimi, Mmeru aliyekuwa anavaa tai kwenye joto lile kana kwamba Nairobi inamwona. Kando yake studio, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mwisho kabisa jikoni kwangu: jiko la gesi la mguu mmoja mfupi, dirisha moja linaloangalia paa la msikiti, na korongo wale wakubwa wenye shingo tupu wamesimama kwenye taka za soko kama wazee wanaosubiri kesi. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa naimba nikikuna sufuria, nacheka peke yangu, na ndiyo maana wanawake wa maziwa wakanipa lile jina wiki ya kwanza tu. Huko kila mtu ana jina la utani. Usipopewa, ujue hujaonekana.

Abdirashid yeye aliitwa Kamusi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bura, kijana mwembamba wa ndevu chache, na wikendi alikuwa anakuja mjini kumwona mama yake na kurekodi kipindi chake kifupi cha asubuhi. Kipindi kilikuwa cha maneno ya Kiingereza, yale ya ajabu ajabu, yametoka wapi na yana maana gani. Ukiniambia hivyo leo ningedhani ni kitu cha kulaza watu. Lakini Kamusi hakuyasoma maneno kama mwalimu. Aliyapokea kama wageni. Pale Garissa mgeni akiingia kwenye manyatta anaulizwa watu wake, na mtoto mdogo, kabla hajajua kusoma, anafundishwa kutaja baba, na baba wa baba, na baba wa huyo, mpaka pumzi iishe. Basi Kamusi alikuwa anasema: "Leo nimekutana na neno njiani, limechoka, lina vumbi. Nikalipa maji. Nikaliuliza, wewe ni wa nani?" Halafu neno linataja ukoo wake. "Muscle, msuli. Baba yangu ni musculus wa Walatini, na babu yangu ni mus, panya. Niliitwa panya mdogo kwa sababu ukikunja mkono, kitu kinakimbia chini ya ngozi." Nilisikia hilo nikiwa nimeshika kettle mlangoni, nikaiweka chini, nikakunja mkono wangu. Kweli bwana, panya akapita. Nikacheka mpaka rekodi ikaharibika, ikabidi aanze tena. Hakukasirika. Alisema, "Qosol, hiyo kazi yako ya kucheka itakuja kukulipa siku moja. Lakini si leo. Leo lete chai."

Chai aliyoipenda ni ile ya maziwa ya ngamia, yenye hiliki na tangawizi, na maziwa hayo yana harufu ya moshi kwa sababu vyombo vyake vinasafishwa kwa kijinga cha moto. Ndiyo iliyokuwa inanipeleka soko la maziwa kila asubuhi. Wanawake wamekaa chini kwa safu, mitungi ya manjano mbele yao imefungwa magunia yaliyolowa, na katikati kuna redio ya Sahara inaning'inia kwenye mti wa kibanda. Hapo niliona jambo ambalo sijaliona kwingine. Kipindi cha Kamusi kilikuwa kinaanza na salamu, Assalaamu alaikum, na soko zima linaitikia. Siyo kwa mchezo. Mwanamke alikuwa anaacha kupima maziwa, anaitikia, halafu anaendelea kupima. Siku za kwanza nilimuuliza Sahara, "Kwani anawasikia?" Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini jua ni moto. "Salamu ni deni," alisema. "Mtu akisalimia, lazima ujibu. Yeye kusikia, hiyo si kazi yangu." Halafu akaniongezea maziwa kidogo kwenye mtungi, akacheka, "Na wewe Mkamba, jibu. Ulimi haiwezi funjika."

Kati ya wanawake hao alikuwepo Dahabo, mama yake Kamusi. Mimi nilimwita Eedo, shangazi, kwa sababu wote walimwita hivyo. Mama mkavu, mrefu, hina nyekundu kwenye vidole, hacheki ovyo. Ukame ulikuwa umemmalizia mbuzi miaka ya nyuma ndipo akahamia mjini. Kiswahili chake kilikuwa cha soko: bei, kipimo, maji, haraka, na kila p mdomoni mwake ilikuwa b. Mtoto wake akiongea redioni kwa Kiswahili chake cha darasani, cha kasi, alikuwa haambulii kitu. Lakini salamu aliielewa, na aliiitikia kwa sauti ndogo kuliko wenzake, akiangalia chini, kama mtu anayeficha kitu kitamu mdomoni. Wenzake walikuwa wanamtania. "Eedo, mtoto yako anasema nini leo?" "Anasema kazi," alikuwa anajibu. "Anasema mambo ya serikali." Wanacheka, na yeye mdomo unacheza kidogo.

Mvua za mwaka huo zilikuja kwa hasira. Ardhi ya huko ikikauka miezi mingi haijui tena kunywa, kwa hiyo maji yanakimbia juu yake. Kamusi alijua barabara ya Bura ingekatika, akatumia likizo ya shule kurekodi vipindi vingi kwa mpigo, ili hata akikwama huko, asubuhi zisikose neno. Tulikaa naye studio mchana kutwa, mimi nikileta chai na anjera za mafuta ya simsim, ile mikate yao myembamba ya kikaangoni, yeye akiongea na trei za mayai. Stima ilikuwa inapotea, jenereta inanguruma, anaanza tena. Bwana Kirimi akachungulia na tai yake. "Mwalimu, unarekodi kama mtu anayehama." Kamusi akacheka, "Meneja, mvua haina kalenda." Nilizioga kauli hizo kama maji, zikapita. Sasa ndiyo zinanirudia, tena mahali pa kijinga kabisa, nikiwa nasubiri zamu benki, au nikifunga kamba za viatu vya mtoto.

Shule zilipofunguliwa akaondoka asubuhi na pikapu ya watu wa mboga. Mbele ya Bura kuna laga, ule mto wa mchanga ambao ni mkavu mwaka mzima, watoto wanacheza mpira ndani yake, kisha mvua inanyesha mbali ambako huioni na maji yanakuja yamesimama kama ukuta. Walifikiri watawahi kuvuka. Watu wa kule wakampata chini kwenye miti ya kona, wakamwosha, wakamswalia, wakamzika hapohapo kabla jua halijazama, kama dini inavyotaka. Barabara ilikuwa imekatika. Mama yake hakumwona. Aliletewa habari tu, nayo ilianza na nabad.

Redio tulifunga mlango siku ile. Tulienda matanga, wanaume kwenye turubai nje, wanawake ndani, kahawa chungu na tende. Bwana Kirimi alivua tai. Na katika huzuni hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kompyuta ya studio ilikuwa imepangiwa vipindi vya wiki nzima.

Nilikuwa sokoni nanunua maziwa asubuhi iliyofuata. Watu wanaongea chini chini. Eedo Dahabo hakuwepo, alikuwa nyumbani na wageni wake. Redio ya Sahara ilikuwa inapiga Kurani, ikaisha, kikaja kimya kidogo, kisha mlio wa feni ile mbovu. "Assalaamu alaikum, wasikilizaji." Na soko zima likaitikia. Wa alaikum salaam. Mimi pia. Midomo ilijua njia yake, ikaenda kabla akili haijavaa viatu. Halafu tukakumbuka tumemjibu nani. Maziwa yalikuwa yanamwagika kutoka mtungi wa mama mmoja, naye hayaoni. Redioni Kamusi akaendelea, mchangamfu kama kawaida, amekutana na neno njiani: "Window. Baba yangu ni vindauga wa watu wa meli za kaskazini, maana yangu ni jicho la upepo." Sahara akaruka akaizima. "Nimejibu maiti," mama mmoja akasema. "Si maiti, ni mashine," akasema mwingine. "Mashine inajua salamu?" "Sikilizeni," akasema bibi mmoja kwenye pembe, anayeuza samli, "sisi ndio tunawasalimia wao. Ukipita makaburi, wewe mzima ndiyo unaanza. Maiti haanzi. Leo yeye ameanza. Hii ni kinyume." Wakafunga mitungi mapema siku hiyo.

Kipindi kikasimamishwa. Adeer Shukri, ndugu wa marehemu baba yake Kamusi, alipanda ngazi za redio na fimbo yake, akaongea na Bwana Kirimi kwa adabu sana. "Meneja, huyu kijana yuko kwa Mungu. Mkimfungulia kila siku, roho za watu hazitulii. Futeni." Bwana Kirimi akasema ndiyo mzee, kabisa mzee, hii ni redio, si makaburi. Mimi nilikuwa jikoni nimesimama na kijiko. Nilisikia neno futeni nikahisi kama mtu ameniambia nimwage maji ya mtu aliye jangwani. Lakini ningesema nini, mimi wa chai?

Aliyesema alikuwa Eedo Dahabo. Alikuja asubuhi hiyohiyo, siku zake za matanga zikiwa bado, jambo ambalo lilizua maneno mtaani, amejifunika nguo nyeupe ya mfiwa kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu. Adeer Shukri bado alikuwa kwenye kiti cha wageni. Eedo hakuketi. Akamwambia Bwana Kirimi, "Wewe umefunga mdomo ya mtoto yangu." "Mama, pole sana, tulidhani..." "Bole baadaye. Fungua." Adeer akaongea naye kwa Kisomali, pole pole, kisha kwa ukali. Nikashika neno moja moja: dhambi, watu, aibu. Eedo akamsikiliza mpaka akamaliza, halafu akasema kwa Kiswahili, nadhani ili sisi wageni tuwe mashahidi: "Mimi sitaki soko isikie. Mimi beke yangu. Mlango imefungwa. Hiyo, nani anasumbuliwa?" Adeer akaangalia fimbo yake muda mrefu. Bwana Kirimi akaangalia dari. Mwishowe mzee akasema, "Vimebaki vingapi?" Nikajibu kutoka jikoni, bila kuulizwa, "Si vingi." "Basi visikilizwe," akasema, "na vikiisha, viishe. Hakuna kurudia. Kurudia ni kumfunga mtu kamba." Eedo akakubali. Nilimwona akikubali kama mtu anayeweka mkono kwenye maji ya moto.

Hivyo ndivyo jikoni kwangu palivyogeuka. Kila asubuhi, kabla Bwana Kirimi hajafika, Eedo alikuwa anapanda ngazi, anaketi juu ya debe la mafuta lililopinduliwa, mimi naleta spika ndogo ya studio, nafunga mlango, nafungua neno moja. Moja tu. Yeye aliitikia salamu kwa sauti kubwa, kubwa kuliko alivyowahi kuitikia sokoni, na baada ya hapo alikuwa ananigeukia: "Sasa anasema nini?" Maana hakuwahi kujua. Miaka yote ile, mtoto wake anaongea na nchi nzima, na yeye anaambulia mlango tu wa nyumba. Nikawa namfafanulia kwa Kiswahili cha soko, mikono ikisaidia. Nilipomwambia habari ya panya wa msuli, maana hilo lilikuwa limerekodiwa upya siku zile, alicheka kwa pumzi. Akanishika mkono akaukunja, akatazama. "Yeye alikuwa kidogo, mkono kama fimbo," akasema. "Banya hakuna. Banya alikufa njaa." Kisha akalia, na anjera ikawa baridi.

Kulikuwa na neno petrichor. Hilo lilikuja mvua ikiwa inanyesha kwenye mabati ya duka chini, kelele kiasi kwamba tulisogeza masikio yetu kwenye spika mpaka vichwa vikagusana. Kamusi alisema ni neno changa, wataalamu wamelitunga juzi juzi tu, ila wazazi wake ni Wagiriki wa kale: jiwe, na ile damu ya miungu yao, "astaghfirullah, mimi siwaamini, nawataja tu." Ni harufu ya mvua ya kwanza kwenye ardhi kavu. Nikamweleza Eedo. Akaenda dirishani, kwenye jicho la upepo, akavuta pumzi. "Hiyo harufu ndiyo imemuua," akasema. "Na mimi bado naibenda. Mimi ni mama gani?" Mimi msichana wa kucheka nilikuwa nimeishiwa. Nilianza kuogopa jikoni kwangu mwenyewe. Alasiri nikiwa peke yangu, feni ya studio ikijizungusha, nilikuwa nageuka ghafla na neno chai likiwa tayari mdomoni. Kikombe chake cha bati nilikiosha kila siku ingawa hakuna aliyekinywea. Vipokea sauti vyake vya masikioni vilikuwa bado na harufu ya udi.

Ilikuwa siku ya neno companion ndipo Eedo aliponiambia siri yake. Kamusi alisema neno hilo ni la Walatini waliopitia Ufaransa, maana yake mtu unayekula naye mkate. "Kwa hiyo wasikilizaji," akasema, "yule anayekata anjera kwenye sahani yako, huyo ndiye. Wengine ni majirani." Wakati nafafanua, mkono wa Eedo ulikuwa kwenye sahani yetu moja, na wangu pia. Akaurudisha mkono wake. "Asubuhi ile," akasema, "mimi nilikataa asiende. Nilisema ngoja maji ishuke. Yeye akasema watoto wa shule wananingoja. Nikakasirika. Nikalala nikaangalia ukuta. Akasimama mlangoni. Akasema Assalaamu alaikum, Hooyo." Hooyo ni mama. Alisema neno hilo kwa sauti ya mwanawe hasa. "Nikanyamaza. Akasema tena. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, atarudi, nitajibu. Akafunga mlango bole bole, ili asiniamshe. Alijua sijalala." Akanitazama. "Qosol, mimi ninajibu kila siku sasa. Unafikiri ile moja ni ibi? Ikiisha hii yako, ile moja imejibiwa?"

Baada ya hapo sikulala vizuri. Nilijua kilichobaki, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafungua kompyuta. Nilitamani kumdanganya, nirudie la zamani, nikate salamu hapa nibandike pale. Nilikuwa nimeshajifunza mashine ile kwa kuchungulia. Ningeweza kumpa salamu mpaka afe. Lakini kila nilipoweka kidole, nilimwona Adeer na fimbo yake akisema kumfunga mtu kamba, na mbaya zaidi nilimsikia Kamusi. Hakuwahi kulisema neno bila kulipa ukoo wake wa kweli. Ningemtengenezea salamu isiyo na baba?

La mwisho likaja. Sikumwambia ni la mwisho, lakini alijua, kwa sababu alikuja na nguo safi, akaleta maziwa yake mwenyewe nipike chai, na alipoketi kwenye debe alijiweka sawa kama mtu anayepigwa picha. Nikafungua. Feni. Kikohozi. Halafu Kamusi, moja kwa moja: "...nikaliuliza wewe ni wa nani." Hakukuwa na salamu. Nikakumbuka palepale: ilikuwa ile alasiri stima ilipopotea, jenereta ikawaka, naye akaendelea alipoishia kwa sababu alikuwa amechoka, mwanzo wake ukapotea na stima. Eedo alikuwa amefungua mdomo tayari kuitikia. Ukabaki wazi. Nimewahi kuona nyuso za watu waliofiwa, nimefika umri wa kuziona, lakini uso ule sijauona tena, mtu anayengoja mlangoni na mlango haupo.

"Haunt," Kamusi akasema. "Baba yangu ni hanter, Mfaransa. Na wataalamu wengine wanasema babu yangu ni heimta, wa nchi za baridi kule juu, na hao walikuwa wafugaji kama sisi. Kwao maana yangu ilikuwa kurudisha mifugo nyumbani kutoka malishoni. Siku hizi Mwingereza ananitumia kwa marehemu wanaorudi rudi kwenye nyumba na kutisha watu. Lakini mimi mwalimu wenu nalifikiria hili, wasikilizaji. Kama ukoo wake ni huo, basi huyo anayerudi hatishi mtu. Ni mbuzi wa jioni tu. Amekumbuka zizi." Halafu kwa mbali, sauti ya msichana mjinga mwenye furaha ikasema, "Kamusi, chai inapoa!" na yeye akacheka, na rekodi ikakatika. Msichana huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwemo.

Nilimfafanulia Eedo. Nilimwambia habari ya mbuzi, na zizi, na jioni. Sikuweza kusema chochote kuhusu salamu. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, akiitazama ile spika ndogo iliyonyamaza, na nilidhani atavunjika. Badala yake akanyoosha nguo yake nyeupe kwenye magoti. Akasogea mbele. Na huyu mama, ambaye siku zote zile alikuwa anangoja kusalimiwa, akaanza yeye. "Assalaamu alaikum, Abdirashid," akasema. Akatulia kidogo, kwa muda ule ambao mtu angehitaji kuitikia. Kisha akanywa chai yake, yote, akaniachia kikombe, akashuka ngazi. Nikamsikia chini akibishana na mwenye duka kwa sababu mabati yake yamezuia njia.

Mimi baadaye nilipewa kipindi. Bwana Kirimi alisema mtu anayecheka hivyo afadhali achekee kwenye maikrofoni, na nilikaa hewani mpaka nikaolewa nikarudi Mwingi. Sikuwahi kugusa maneno ya Kiingereza redioni. Lakini yananijia. Nikifungua dirisha, upepo una jicho. Nikimbeba mwanangu, panya anakimbia mkononi.

Nilienda Garissa kwa matanga ya Eedo. Duka la mabati sasa linauza magodoro, na jikoni kwangu ni stoo. Sahara amezeeka, bado anaongeza maziwa kidogo baada ya kipimo. Aliniambia kwamba mpaka mwisho, Eedo alikuwa kila asubuhi anasalimia mlango wa nyumba yake, kwanza yeye, halafu ndiyo anatoka. Watoto wa mtaa walidhani ni uzee. Wakati wa kurudi stendi nilipanda bajaji, tukapita kando ya ukuta wa makaburi. Nikamwomba dereva asimame. Sikushuka. Wanawake hawaingii pale ovyo, na mimi si wa dini hiyo, sikutaka kukosea. Nilitazama tu ukuta ule wa matofali, jua la asubuhi limeulalia, mbuzi wawili wanakula karatasi chini yake, nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeingia jikoni kwa jirani: "Assalaamu alaikum, Eedo."

Dereva, kijana mdogo aliyekuwa ameinamia simu yake, hakuinua hata uso. "Wa alaikum salaam," akasema, akawasha bajaji.